Alichokiona Mwosha Maiti

Kila asubuhi nilifagia ua na kuteka maji kisimani. Mtu akifa mtaani kwetu Kisauni, niliponda na kafuri ya kumpaka, kwani baba yangu, Mzee Barakat, alikuwa mwosha maiti. Wenzangu walikataa hata andazi nililolishika, eti mikono yangu inanuka mauti. Waliniudhi, lakini nilizoea.

Siku tatu kabla ya sherehe za Uhuru, mwaka 1963, tulisikia mshindo nyumbani kwa Yeslam, mwenye duka. Badawi, mpwa wake wa miaka kumi na saba, alikufa papo hapo. Yeslam alitoka akipiga kelele kwamba stovu imelipuka. Stovu ile ilikuwa imetengenezwa juzi yake na Dishon, fundi kutoka bara aliyepanga chumba jirani. Watu hawakuuliza mara mbili. Walimpiga Dishon mpaka askari wakaja kumchukua, shati lake limelowa damu.

Nami nilijua neno. Wiki nzima Badawi alikuwa akituomba sisi watoto tumtafutie mikebe mitupu, tusimwambie mtu. Alisema anatengeneza fataki za Uhuru. Mimi nilimpelekea mkebe wa kakao, wa rangi ya buluu.

Adhuhuri nilipeleka kafuri na pamba nyumbani kwa Yeslam. Baba alikuwa akimwosha Badawi uani, nyuma ya shuka. Alitoka ameshika bakuli lenye vipande vya bati alivyovitoa kifuani mwa maiti. Maji yalikuwa mekundu, yananuka baruti, na nzi walishatua ukingoni. Kipande kimoja kilikuwa cha buluu. Nilitapika pale pale.

"Stovu haina bati kama hili," Baba alimwambia Yeslam. "Wala stovu haing'oi vidole."

Yeslam alimshika mkono. "Mzee Barakat, mwosha husitiri. Ulichokiona kizike naye. Tukishasali Alasiri tumzike, yaishe."

"Na Dishon je?"

"Huyo ni mtu wa kuja. Atajijua mwenyewe."

Aliyasema hayo huku akichokoa meno, na mpwa wake hajavishwa sanda. Wallahi, bakuli lile halikunitia kinyaa kama mdomo wake.

Baba aliinamisha kichwa. Kwa miaka ishirini hakuwahi kutoa nje neno la maiti. Niliona atanyamaza, na mtu asiye na kosa atafungwa.

"Baba," nilisema.

"Nini, Ruwaida?"

"Mkebe wa buluu nilimpa mimi. Badawi alikuwa akitengeneza fataki. Nilimwona mjomba wake akizificha dukani, chini ya magunia."

"Mtoto mwongo!" Yeslam alifoka, akaniinulia mkono.

Baba alisimama kati yetu. "Niliahidi kuusitiri mwili wa Badawi," alisema. "Sikuahidi kukusitiri wewe."

Mazishi yalisimamishwa, Baba akatuma mtu kituo cha polisi. Inspekta Mwarandu alikuja na daktari wa serikali. Daktari alipima majeraha, akaeleza kwamba kitu kililipuka mikononi mwa marehemu, karibu kabisa na kifua. Inspekta akaitaka stovu. Yeslam alisema imevunjika vipande vipande, lakini askari waliikuta chini ya magunia, nzima, tangi lake halina hata ufa. Kando yake palikuwa na mikebe kumi na minne ya fataki iliyongoja kuuzwa kwa watoto. Yeslam alilia alipofungwa pingu. Sikumhurumia hata kidogo.

Badawi alizikwa kesho yake. Dishon, aliyeachiliwa jioni ile, alikuja mazishini na jicho lililovimba, akasimama nyuma. Waliompiga walitazama chini, na hakuna aliyemwomba radhi isipokuwa Baba.

Tuliporudi nyumbani nilimuuliza Baba. "Mkebe ulikuwa wangu. Je, ni mimi niliyemuua?"

Alinikalisha karibu naye. "Hukumuua, mwanangu. Jana ulisema kweli mbele ya mtu mzima aliyetaka kukupiga, na umemwokoa Dishon. Lakini wiki nzima ulijua, ukanyamaza."

"Ndiyo, Baba."

"Nami nusura ninyamaze. Basi tushike hili sote wawili. Aibu ya maiti husitiriwa, hatari haisitiriwi. Ukiiona, mwambie mtu mzima siku ile ile. Ungeniambia mapema, Ruwaida, leo Badawi angekuwa hapo nje na wenzake."