Kushoto kwa Merle

Muuza vitumbua vya pweza alimpa Merle sahani mbili, ilhali ameagiza moja.

"Hii ya yule bibi uliyekuja naye," akasema, akinyoosha kidole.

Merle akageuka. Nyuma yake palikuwa na nyasi tupu na mto Rhine.

"Riziki haikataliwi," akacheka Jannis, mdogo wake, akiinyakua. Chinatsu, rafiki yao Mjapani, naye akacheka. Jua la Düsseldorf lilikuwa bado linawaka, tamasha la kiangazi la Wajapani limefurika watu, nani angeogopa sahani ya pweza?

Siku hiyo Chinatsu alikuwa ameingoja kwa hamu. Alipofika nchi hii alikula peke yake na kulia peke yake, mpaka Merle alipomgongea mlango na sufuria ya supu mkononi: "Wewe jirani, utaozea humo ndani!" Tangu hapo wakawa chanda na pete. Ndiyo maana mchana ule alimvika Merle kimono chake cha pamba, joho la kupishanishwa kifuani, kwa mikono yake mwenyewe. Hakuwahi kumvika mtu mwingine. Alisimama naye uso kwa uso, mikono ikafuata mazoea, akakaza mkanda na kumpiga kikofi begani.

"Haya, mrembo, twende ukawaue watu!"

Ngoma kubwa ikaanza kulia, watu wakaunda duara. Zilikuwa siku za Bon, ambazo wafu huja kuwatembelea jamaa zao, huchezewa ngoma, kisha husindikizwa warudi kwao. Merle akajitosa. Yeye ambaye hata harusini hukanyaga watu vidole, sasa alicheza bila kukosea, mikono yake ikiinuka kabla mpigaji hajapiga. Ikaja harufu ya ubani uliolowa maji.

"Dada kajifunza lini?" Jannis akanong'ona.

Chinatsu alikuwa amekaza macho kwenye kifua cha rafiki yake. Upande wa kulia wa kimono ulikuwa umelala juu ya ule wa kushoto. Kila mtoto wa Kijapani anajua kwamba aliye hai hulaza wa kushoto juu. Wa kulia ukiwa juu, huyo ni maiti. Alikuwa amemvika vile mikono yake inavyomvika yeye mwenyewe, akasahau kwamba kushoto kwa mtu anayekutazama ni kulia kwako.

Alimkokota Merle nyuma ya hema, kwa Bibi Kuwabara, mwalimu wa ngoma.

"Nani kamvika huyu mtoto?"

"Mimi, bibi."

"Siku hizi? Siku za Bon? Una akili wewe?" Kizee alikuwa tayari anafungua mkanda. "Wenye jamaa tutawasindikiza, watarudi. Wako wasio na mtu, mjukuu wangu. Hao hawana wa kuwaita wala wa kuwaaga. Wanatafuta mwili uliokwisha andaliwa tu."

Alimnyunyizia Merle chumvi, akaurudisha upande wa kushoto juu, akafunga, na Merle akasimama akitabasamu huku Chinatsu akimshika mkono uliokuwa baridi kama samaki wa barafu, na harufu ya ubani ikizidi, na ngoma ikiendelea kulia ingawa wapigaji walikuwa wameweka magongo chini wakinywa maji, na hapo, mbele ya macho yao, bila upepo na bila mkono wa mtu, kitambaa kikateleza taratibu chini ya mkanda uliokazwa, kushoto kikaingia ndani, kulia kikapanda juu.

Bibi Kuwabara akaimwaga chumvi yote iliyobaki. Kisha akafunika uso kwa viganja na kulia.

Kesho yake asubuhi Jannis alimfungulia Chinatsu mlango, uso umechangamka.

"Mzima kabisa! Kalala fofofo. Leo hata kahawa hataki, anataka wali."

Merle alikuwa mezani, amevaa fulana na suruali ya jinzi. Vijiti vya kulia chakula vilikuwa vimesimama wima katikati ya bakuli la wali, kama vya sadaka ya marehemu. Akainua macho na kusema kwa Kijapani, lugha asiyoijua, kwa lafudhi ya kizamani ambayo Chinatsu aliwahi kuisikia kwa mama wa bibi yake tu.

"Nilipokufa hakuna aliyenivika, mwanangu. Wewe umenivika."

Chinatsu alishika ukingo wa meza. "Merle yuko wapi?" akauliza kwa lugha hiyohiyo. "Nakuomba. Mrudishe."

"Anacheza. Husikii?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kule mtoni mahema yalikwisha kung'olewa na bustani ilikuwa tupu, lakini ngoma ilikuwa inalia, taratibu, na ndani yake kulikuwa na sauti ya mtu mmoja anayehema kwa uchovu, anayetaka kupumzika na haruhusiwi. Chinatsu aliijua sauti ile. Ilikuwa imempigia hodi na supu.

"Nyie mnaongea nini?" Jannis akauliza kwa furaha, akimkumbatia dada yake mabegani. "Anasema nini?"

Chinatsu alimtazama, machozi yakimtoka.

"Anasema asante," akajibu.