Chumba cha Nne

Programu ya hospitali iliuawa saa nane mchana. Perez alipotazama amri ilikotoka, kompyuta ikamjibu: chumba cha nne. Vyumba vilikuwa vitatu.

Mwaka huo wa 1998, Perez na mwenzake Joram walitunza kompyuta moja kubwa mjini Kisumu iliyowahudumia wateja watatu. Kila mteja alitengewa chumba chake ndani ya mashine. Programu za chumba hiki hazikuweza kuziona za chumba kile, wala kuzipelekea ishara. Hasa ishara ya tisa. Hiyo ilikuwa ya kuua, na programu iliyoipokea haikupata hata nafasi ya kuaga.

"Joram, umegusa ukuta wa vyumba?"

Joram alikuna shingo. "Jana nilitoboa kidogo tu. Nilitaka kuzipa programu zote amri kutoka mahali pamoja. Haki ningeziba leo."

Harufu ya samaki aliyeoza ikapanda kutoka kwenye mashine. Wabwire, mlinzi wa jengo, akachungulia mlangoni kuuliza ni nini kimekufa humo. Kwenye skrini ikajiandika ishara ya tisa, na mbele yake jina la Wabwire. Shingo yake ikazunguka kwa mlio wa kuni kavu. Akaanguka kifudifudi, uso ukitazama dari.

"Iue!" Joram alilia.

Perez alikiona kwenye orodha ya programu, kitu kisicho na mwenyewe, akakitumia ishara ya tisa, na ishara ikarudi, na vidole vya Joram vikavunjika kimoja kimoja, na kabla hajamaliza kulia akanyanyuliwa na kupigwa ukutani, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka plasta ikabaki na nywele zake na damu.

Mama Rosa, mfagiaji aliyejulikana mtaani Obunga kwa kuombea waliopagawa, aliingia mbio akiwa bado na ndoo. Alimshika Perez mkono.

"Nyathina, mwanangu, usimpige tena pepo huyo," alinong'ona. "Kila ukimpiga unampa njia. Mfungie."

"Wapi, Mama?"

"Hapo hapo alipo."

Mama Rosa akaanza kuomba. Perez akaujenga upya ukuta, mstari kwa mstari. Nyuma yake Joram alisimama, akamkaba mama yule kwa vidole vilivyoning'inia, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Ulibaki mstari mmoja. Ndipo Perez alipoona waliomo katika chumba cha nne: kile kitu, na Joram.

"Mama, Joram yumo ndani!"

Macho ya Mama Rosa yalikuwa yamemtoka, ulimi ukigeuka mweusi.

Perez akaandika mstari wa mwisho, akabonyeza.

Joram alianguka kama gunia. Mama Rosa akavuta pumzi.

Joram alilazwa hospitali ya Kombewa, karibu na kwao. Alipumua, macho wazi, lakini sindano haikumshtua wala jina lake halikumgeuza. Wiki ya tatu Perez alikwenda kumtazama. Alipomfunika shuka vizuri aliona kifuani alama za meno, mbichi, zimevimba chini ya ngozi isiyochanika popote.

"Tushukuru Mungu, amelala tu," mama yake Joram alisema, akimpangusa mwanawe chozi lililokuwa likishuka. "Angalau hasikii maumivu."

Perez alivuta shuka hadi kidevuni. "Ndiyo, Mama," alisema.