Sakafu Iliyonyimwa Maji

Lori lilikuwa limeshatia gia na magurudumu yameanza kuzunguka pale baba alipotoa kichwa dirishani na kupaza sauti kuishinda injini.

"Chiriku! Siku saba, unasikia? Ndoo sita asubuhi, ndoo sita jioni. Magunia yasikauke!"

"Nimesikia, baba!"

"Na kidimbwi usikisahau!"

Lori likakata kona na kuacha harufu ya dizeli. Msichana wa miaka kumi na miwili, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, akabaki langoni akipunga mkono. Baba yake alikuwa dereva wa safari ndefu. Angerudi siku ya tisa.

Kwa majuma matatu nyumba ile ilikuwa imegeuka kiwanda. Ua wa nyuma haukuwa na faida yoyote: mvua ikinyesha ni tope, jua likiwaka ni vumbi. Mama, aliyeshinda amesimama mbele ya tanuri la mikate, alitamani mahali pa kunyoosha miguu jioni. Basi baba akaamua wajenge wenyewe bila kuajiri fundi: sakafu ya saruji, hatua nane kwa sita, na mwisho wake kidimbwi cha samaki wa rangi.

Aliyeongoza kazi ni mjomba, mdogo wake mama. Mjomba huyu aliwahi kubeba zege kwenye majengo ya ghorofa. Aliwahi pia kushona nguo, kunyoa nywele na kuuza viatu, na kote huko aliacha njiani. Pale nyumbani, mtu akianza jambo asilimalize, waliambiana, "Umefanya ya mjomba," na mwenyewe alicheka pamoja nao. Lakini safari hii alimaliza. Baba akampa mkono na kumwambia, "Shemeji, umetutoa kimasomaso." Hata muuguzi, jirani yao, alichungulia juu ya ukuta akasema kwamba sakafu ile ikitoka vizuri, mjomba atamjengea na yeye.

Siku iliyofuata mjomba aliinua vibaya mfuko wa saruji uliobaki, mgongo ukakataa. Alipelekwa chumbani kwake, mtaa wa pili, akalazwa chali. Kabla ya kuondoka alimweleza Chiriku kazi iliyobaki.

"Saruji haikauki kama nguo, mama. Inakomaa. Na ili ikomae inataka maji, kama mtoto anavyotaka maziwa. Ukiinyima siku hizi saba, itakudanganya: juu ngumu, ndani unga."

Siku ya kwanza Chiriku alimwaga ndoo zote kumi na mbili, na magunia yaliyofunika sakafu yakalowa hadi pembeni. Siku ya pili shuleni wakatangaza mazoezi ya kuchagua timu ya mpira wa pete, asubuhi kabla ya masomo na jioni baada yake. Akamwaga ndoo nne, akakimbia. Siku ya tatu akagundua jambo. Ukisimama mlango wa jikoni, mahali mama anapomalizia chai yake kabla ya kwenda kazini, unaona safu mbili tu za magunia. Nyingine zinafichwa na tangi la maji.

Tangu hapo alilowesha safu mbili. Ndoo moja ilitosha. Mama akichungulia, anayaona magunia meusi kwa maji. "Hongera, mwanangu," anasema, na kwenda zake.

Siku ya tano alitumwa kumpelekea mjomba chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Mgonjwa si wewe?"

"Mimi ni mzima niliyelala tu. Naulizia sakafu. Inakunywa?"

"Asubuhi na jioni," alisema Chiriku. Jibu lilitoka lenyewe, laini, kama limepakwa mafuta.

Mjomba akatabasamu akitazama dari. "Basi baba yako akirudi nitamwita dada muuguzi aje aione."

Siku ya tisa baba alirudi na samaki saba wadogo wekundu ndani ya ndoo. Mjomba alikuja akitembea kama mtu aliyebeba yai, mkono mmoja kiunoni. Muuguzi naye akaja. Baba akaanza kukunja magunia.

Safu mbili za kwanza, sakafu safi. Ya tatu, ufa. Kuanzia hapo nyufa zilitawanyika hadi kwenye kidimbwi, na baba aliposugua kiatu chake katikati, likainuka vumbi la kijivu. Walikijaza kidimbwi hivyohivyo. Kabla ya saa nane mchana maji yote yalikuwa yamezama ardhini. Samaki wakahamishiwa kwenye karai.

"Mimi ngoja kwanza nitafute fundi," alisema muuguzi kwa upole, akaondoka.

Baba hakuwa na upole. "Mchanga ulizidi. Au hukuchanganya sawasawa, ulitaka kumaliza upesi. Ndiyo wewe, shemeji. Siku zote ndiyo wewe!"

Mjomba alitoa msumari mfukoni, akachuchumaa kwa taabu, akakwaruza karibu na mlango. Msumari uliteleza, ukaacha mstari mweupe tu. Akasogea katikati, akakwaruza tena. Msumari ukachimba kama unachimba mkate mkavu. Akainuka, akayatazama magunia, kisha akamtazama Chiriku. Mara moja tu.

"Huenda ni mchanganyiko," alisema. "Nisamehe, shemeji." Akachukua mwiko wake wa kujengea na kuondoka.

Tangu saa ile Chiriku hakuwa Chiriku tena. Chakula alikisukuma pembeni. Mama alimgusa paji la uso akitafuta homa, hakuipata. Kwenye mazoezi mpira ulimpita akiwa ameduwaa. Kwenda shule alizunguka barabara ya mbali, apate kuukwepa mtaa wa pili. Usemi aliokuwa akiucheka, "umefanya ya mjomba," sasa ulimchoma kila ulipotajwa, na siku zile ulitajwa sana.

Siku ya tatu yake, mama alirudi na habari. "Mjomba wako anagawa vifaa vyake vya ujenzi, mwiko na pimamaji. Anasema ujenzi haukuwa wake. Maskini, safari hii nilidhani kweli."

Chiriku alisimama, akatoka nje. Baba alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana.

"Baba."

"Nani? Hebu nipe spana ile ndefu."

Akampa. "Baba, sikumwagilia."

Spana ikanyamaza. "Hukumwagilia nini?"

"Sakafu. Nilimwagilia pale mlangoni tu, mama aone."

Baba akajivuta kutoka chini, akaketi juu ya tairi kuukuu, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Chiriku alisubiri kofi. Halikuja, na hilo likawa gumu zaidi.

"Mjomba wako anajua?"

"Alikwaruza na msumari. Nadhani anajua."

"Anajua, na mimi nikamtukana mbele yako," alisema baba polepole. Akainuka. "Twende. Utayasema tena haya, kwake mwenyewe."

Mjomba aliwapokea akiwa ameketi kitandani. Chiriku aliyasema yote, hata zile safu zilizofichwa na tangi la maji, akalia katikati, akaendelea.

"Nilijua siku ileile," alisema mjomba.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekana. Na ukishakana mbele ya baba yako, ungelazimika kuendelea kukana. Nikaona nikuachie mlango. Ila usidhani haikuniuma, mama. Iliniuma."

Baba akakohoa. "Shemeji, mimi nimekosa kuliko mtoto. Yeye hakumwaga maji. Mimi nilikuhukumu bila hata kukwaruza."

"Umesikika, shemeji." Mjomba akamgeukia Chiriku. "Sakafu si kitu, tutaivunja. Lakini sikiliza. Uliponiambia 'asubuhi na jioni,' nililiamini neno lako, nikamwita dada muuguzi aje aone. Yaani nilijenga juu yake. Kila unapomwambia mtu neno, jua kuna atakayejenga juu yake, na likiwa bovu, nyumba itakayopasuka ni yake, siyo yako. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mjomba."

"Basi kaoshe uso. Muuguzi yuko nyumbani saa hizi. Utamwambia wewe, sisi tutasimama nyuma yako."

Alimwambia.

Sakafu ilivunjwa na kujengwa upya kwa Jumamosi mbili, na Chiriku aliimwagilia siku saba, ndoo kumi na mbili kwa siku. Kwa sababu hiyo alikosa mazoezi, na hakuchaguliwa kwenye timu mwaka ule. Samaki watatu walifia kwenye karai. Wanne waliingia kidimbwini wakakua. Muuguzi alimpa mjomba kazi ya sakafu, akasema kidimbwi hakihitaji. Mwaka uliofuata mjomba alihamia mji mwingine pamoja na mafundi ujenzi, na bado yuko nao. Baba anaendesha lori lilelile. Mama jioni hukaa uani, viatu pembeni, miguu juu ya kigoda.