Vumbi Chini ya Askari

Mwanamke huyu alikuwa jirani yetu, ukuta kwa ukuta, na sijawahi kumsikia akiinua sauti. Tulimwita Mama Bisi, kwa kuwa bintiye alikuwa wa kurukaruka tangu tumboni, kama bisi kwenye sufuria. Mumewe alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko barabarani. Yeye alibaki nyumbani akiwapaka rangi askari.

Askari wenyewe walikuwa vijisanamu vya plastiki, kimo cha pingili ya kidole gumba. Kuna watu wazima na ndevu zao wanaowapanga mezani na kupigana vita kwa kurusha dadu, lakini wengi wao hawana subira ya kuwapaka rangi. Basi mwenye duka la mchezo huo, waliyemwita Kamanda ingawa hajalinda hata geti, alimpa Mama Bisi kazi hiyo. Kila alipoleta mzigo, alileta na biskuti za mtoto, akijifanya amezisahau mezani.

Kwanza rangi nyeusi mwili mzima. Kisha nguo, ngozi, na macho, kwa brashi nyembamba kama unywele, huku amebana pumzi. Mwisho kabisa ni kitako, yaani kile kisahani cha duara anachosimamia askari, mfano wa kizibo cha soda. Alikipaka gundi, akakichovya kwenye mchanga laini, akaukaza kwa gundi nyepesi, kisha vanishi juu.

"Askari asiye na ardhi chini ya miguu ni mdoli tu," alipenda kusema.

Alhamisi moja asubuhi, Bisi alitembea kwa mara ya kwanza. Alitoka kizingitini akiyumba kama mlevi, akavuka uwanja hadi kwa fundi cherehani, dada mtu mzima wa mlango wa pili, ambaye aliacha mashine na kumpokea kwa mikono miwili. Mama Bisi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Nyayo za mtoto zilibaki vumbini, ndogo, nono, kila kidole mahali pake.

Saa hiyohiyo Kamanda alikuwa njiani kuchukua kikosi kizima, na kopo la mchanga lilikuwa tupu. Mama Bisi akatazama chini. Vumbi la mlangoni lilikuwa laini kama unga. Akalikusanya kwa kiganja, palepale mtoto alipopita, akalichuja kwa chujio la chai na kuchovya vitako vyote. Wa mwisho alikuwa mbeba bendera, aliyempenda kuliko wengine, ambaye alimpa macho ya kahawia kama ya bintiye.

Uwanjani hakukubaki unyayo hata mmoja.

Kesho yake Bisi hakusimama. Alipoinuliwa, miguu yake ilining'inia kama soksi zilizoanikwa. Ilikuwa ya baridi, visigino vimeshikamana, na mama alipojaribu kuvitenganisha, mtoto alilia kilio ambacho mama hakuwahi kukisikia. Zahanati walimpima wakasema hawaoni kitu. Muuguzi mmoja alimfunika mtoto kwa shali yake mwenyewe, akamsindikiza mama mpaka nje akiwa amemshika kiwiko.

Mchana wa Jumamosi miguu ilianza kutembea. Mtoto alikuwa amelala chali. Miguu ikateleza kidogo mbele, ikasimama. Ikateleza tena, kiasi kilekile, ikasimama. Kama kitu kinachosukumwa kwa kipimo.

Kisha Bisi akaacha kupumua.

Mama alimtikisa, akamwita, akampulizia usoni. Pumzi ikarudi kwa mkwaruzo. Fundi cherehani alikuwa ameshaingia, utepe wa kupimia nguo bado shingoni. Aliishika ile miguu, akakigusa kisigino, akanusa kidole chake.

"Gundi," alinong'ona. "Mdogo wangu, mchanga wa juzi uliutoa wapi?"

Mama Bisi akamwonyesha mlango.

Fundi akakaa chini kwanza. Kisha akamweleza polepole, kama anayemtoa mtu mwiba, kwamba wenye husuda hufanya hivyohivyo. Huchukua vumbi la unyayo wa mtu, wakalifunga, wakaliweka mahali, na mwenye unyayo haendi tena kwa hiari yake.

"Mimi si mchawi, dada."

"Najua. Beba mtoto. Twende."

Dukani vita vilikuwa vimepamba moto. Wanaume walizunguka meza yenye vilima vya sponji vilivyonyunyiziwa mchanga. Jamaa mmoja bonge, mikono kama ya mwokaji mikate, alinyoosha utepe wa kupimia na kumsogeza askari mbele.

Mgongoni mwa mama, miguu ya mtoto ikateleza.

Mwingine akarusha dadu, akamtoa askari aliyeuawa, akamtupa kwenye sanduku la wafu.

Pumzi shingoni mwa mama ikakatika.

"Naomba askari wangu," alisema. "Wote. Sasa hivi."

"Mama, zamu yako bado," bonge akatania, na wenzake wakacheka.

Mama Bisi akapiga magoti. Akamfungua mtoto, akamlaza juu ya meza, katikati ya vilima. Midomo ilikuwa ya bluu. Kicheko kikafa.

Kamanda aliifikia meza kwa hatua moja. Alilimwaga lile sanduku la wafu, na mtoto akavuta pumzi kwa nguvu. Fundi cherehani akawaeleza kwa maneno machache habari ya lile vumbi, akaomba maji ya moto na beseni. Bonge ndiye aliyekimbia kuyaleta, akarudi ameungua kidole. Wakakaa wote kuzunguka beseni, wanaume wazima, wakiwaloweka askari na kukwangua vitako kwa visu vidogo. Vumbi lilitoka kwa shida, ganda kwa ganda. Kila kitako kilipobaki kitupu, joto lilipanda kidogo kwenye vidole vya mtoto. Mama alivishika, akihesabu kimoja kimoja kinavyopata joto.

Visigino vikaachana. Bisi akafungua macho, akaomba biskuti.

Wengine walikuwa wanafuta machozi wakijidai ni mvuke, ndipo Kamanda akauliza kwa sauti ya chini yuko wapi mbeba bendera. Walimtafuta chini ya meza, mifukoni, masandukuni. Walikipata kitako chake tu, juu ya kilima cha mbali. Hakikuwa na vumbi. Hakikuwa na askari.

Kutoka hapo mpaka ukingo wa meza, juu ya mchanga, palikuwa na alama za buti. Ndogo kuliko punje ya mchele.

Kamanda alipitisha kiganja, akazifuta. Mama hakuziona. Fundi cherehani aliziona.

Vumbi walilirudisha mlangoni jioni ileile, likiwa tope ndani ya kitambaa. Bisi akatembea, akakimbia, akavunja vikombe, na mama alimshukuru kila mtu mpaka wakachoka kushukuriwa. Kitu kimoja tu kilimshangaza: kuanzia siku hiyo fundi cherehani alishinda na fagio mkononi. Mtoto akipita, fundi amefagia nyuma yake. Ukiamka, uwanja umeshang'aa. Mama Bisi alidhani ni wema, na kweli ulikuwa wema.

Halafu fundi akashikwa na homa.

Asubuhi hiyo hakuna aliyefagia. Mama Bisi alimpelekea uji, na Bisi akamfuata nyuma akicheka, akikanyaga chini kwa vishindo. Mlangoni kwa fundi, mama aligeuka kumsubiri.

Nyayo zake mwenyewe zilikuwepo vumbini, wazi kabisa.

Za mtoto hazikuwepo.

Fundi alijivuta hadi mlangoni, akamshika mkono. "Usitazame chini, mdogo wangu," alinong'ona.

Alikuwa ameshatazama. Kutoka kizingitini kwao mpaka miguuni mwa Bisi, vumbini, zilikuja alama za buti mbili mbili, ndogo kuliko punje ya mchele. Kando yake, mstari mmoja mwembamba, kama wa mlingoti wa bendera unaoburutwa.

Bisi akainua mikono abebwe. Mama akambeba, akamkumbatia kwa nguvu.

Mtoto akiwa mikononi, alama za buti ziliendelea zenyewe vumbini, zikaingia ndani kwa fundi.