Nyumba Isiyo na Ngazi

Siku hizi mtu anatafuta nyumba Dar kalala kitandani. Anatelezesha kidole kwenye simu, kaona jiko, kaona choo, kamaliza. Raha yake iko wapi jamani? Enzi zile, na wala si zamani sana, nyumba tuliitafuta kwa miguu, na kwa miguu hiyo hiyo watu walipendana.

Fakihi alikuwa katoka Newala, kapata kazi kwenye yadi ya makontena Kurasini, akilala sebuleni kwa rafiki yake. Jumamosi moja alisimama sokoni Tandika, katikati ya kelele za wauza mitumba, anasoma ubao wa dalali. Msichana aliyekuwa akiandika ubaoni kwa chaki akarudi nyuma, akamkanyaga.

"Jamani, samahani kaka!"

"Usijali. Dalali mwenyewe yuko wapi?"

"Si ndo huyu aliyekukanyaga?"

Alikuwa Hamida, mtoto wa Temeke. Kavaa dera la zambarau, mtandio wa njano, na chini raba nyeupe za kutembelea. Fakihi akazicheka raba. Hamida naye akalicheka shati lake lililopigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

"Unataka nyumba gani?"

"Vyumba viwili, choo ndani. Ila ngazi sitaki, hata moja."

"Mwanaume mzima unaogopa ngazi?"

"Naogopa."

Ikawa kila Jumamosi wanatembea. Hamida akampeleka Chang'ombe, ghorofa ya pili. Akampeleka Keko, ghorofa ya tatu.

"Sista, hizi si ngazi?"

"Hizo si ngazi mwaya, hayo ni mazoezi!"

Wakacheka mpaka mwenye nyumba akachungulia dirishani. Madalali walikuwa tele Tandika, lakini Fakihi hakumtafuta mwingine. Jioni alimpigia simu kuulizia nyumba, na nyumba yenyewe haikutajwa. Walikuwa wameshapendana, kusema tu ndo walikuwa hawajasema.

Siku moja wamekaa Keko wanakunywa juisi ya miwa, simu ya Fakihi ikaita.

"Naam, mke wangu," alipokea kwa sauti laini. "Hapana mpenzi, nyumba bado. Na miguu hiyo ilivyovimba, ngazi utaziwezea wapi? Vumilia, nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Hamida akaweka glasi mezani. Mke! Tena miguu imevimba! Mjamzito huyo, hata kuuliza hakuna haja.

"Hongera," alisema.

"Ya nini?"

"Mwenzangu Mashaka atakumalizia kutafuta. Mie nimechoka."

Akaondoka akiwa kaibana midomo ili asilie mbele za watu. Usiku ule akaifungia namba ya Fakihi.

Mie ningekuwepo ningemshika mkono. Huyo "mke" alikuwa Bibi Somoe, bibi yake Fakihi, aliyemlea toka mama yake alipofariki. Nani asiyejua kwamba mjukuu wa kiume ni mume wa bibi? Hamida mwenyewe babu yake alikuwaga anamwita mchumba. Lakini wivu ukishapanda, nani anamkumbuka babu?

Fakihi naye hakuelewa, alidhani kamchosha kweli. Mashaka, dalali mwenzake Hamida, akampatia nyumba ya chini hapo hapo Tandika, na Fakihi akamleta bibi yake. Nyumba ile imeshavunjwa, na Bibi Somoe ametangulia mbele ya haki. Mpaka leo nikipita pale namkumbuka alivyokaa kibarazani, kajifunga kanga mbili, anamtazama mjukuu wake anavyokonda.

"Mume wangu, nani kakuroga?"

Akamweleza yote. Bibi akajipiga paja.

"Siku ile uliniitaje mbele yake?"

"Mke wangu."

"Mjinga we! Nipigie huyo binti kwa simu yangu."

Hamida alipokea bila kuijua namba.

"We ndiye Hamida? Mie mkewe Fakihi."

"Dada, mie sina ishu na mumeo..."

"Dada! Mwenzio sina hata jino. Mie bibi yake, mwanangu. Nimezeeka, huyu mume simuwezi tena. Njoo unipokee."

Hamida akasema, "Shikamoo bibi," na kilio juu.

"Marahaba. Lia ukiwa unakuja."

Jioni ile alifika, macho mekundu. Fakihi akatoka pekupeku.

"Hamida, nimekuwaza mpaka chakula hakipiti."

Hamida hakumtazama. Alikuwa akiitazama nyumba.

"Fakihi, nyumba hii funguo zake nilikuwa nazo toka siku ile niliyokukanyaga."

"Unasemaje?"

"Ningekuonyesha, ungechukua, ungeenda zako. Nilitaka tuendelee kutembea."

"Bibi alikuwa anasubiri na maumivu yake, Hamida."

"Sikujua. Wallahi ningejua nisingekufanyia hivyo."

"Nimesubiri, sikufa!" Bibi Somoe alipaza sauti kutoka ndani. "Mnataka nisubiri tena?"

Fakihi akashindwa kuendelea kununa. Akamshika Hamida mkono, mara ya kwanza toka wajuane.

"Kuna nyumba moja bado hujanionyesha."

"Ipi tena?"

"Ya kwenu. Nataka nikamwamkie baba."

Hamida akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Baba mkali," alisema.

"Atanizoea."