Mteja Aliyetoka Kijiweni

"Gari la umeme ni la watu wenye umeme," Ekseli aliandika. "Sisi wengine hata simu tunachaji kwa kuvizia."

Sindano alicheka peke yake mbele ya cherehani, katika duka lake la ushonaji. Kijiwe chao hakikuwa na benchi wala kahawa. Kilikuwa grupu la simu, "Kijiwe cha Magari", ambako marafiki waliosoma pamoja walipiga soga kutwa: bei ya mafuta, vita vya mbali, gari lipi linakunywa kama mlevi. Ekseli alikuwa dereva wa lori la kokoto. Mchambuzi, muuza vipuri, alikuwa na neno juu ya kila taarifa ya habari, hata ile ambayo hakuisikiliza hadi mwisho. Na Dalali, aliyewauzia watu magari yao, alikuwa mchumba wa Sindano.

Au tuseme alikuwa bado hajaacha kuwa. Wiki nzima hawakusemezana ila hapo kijiweni, wakitaniana mbele za watu ili moshi usionekane nje. Mchambuzi ndiye aliyemnong'oneza Sindano kwamba Dalali anaonekana na mwanamke kwenye magari ya wateja. Sindano alipomuuliza Dalali, alimuuliza kwa ukali.

"Kama umeshaamini," Dalali alisema, "mimi nieleze nini?"

Akanuna. Sindano naye akanuna.

Simu ikalia tena. Ekseli alikuwa ameweka taarifa mpya.

"Polisi wanaonya. Kuna genge linajifanya wanunuzi wa magari. Wanaomba kulijaribu gari, wakifika pasipo na watu wanampora muuzaji. Wa mwisho kaokotwa mtaroni, hajitambui mpaka leo."

Chini yake akaongeza: "Dalali, umesoma? Chunga ngozi yako."

Dalali hakujibu.

"Habari za mitandaoni hizo," Mchambuzi akaandika. "Watu wanatafuta wafuasi tu."

"Dalali?" Ekseli akaandika tena.

Sindano aliacha kushona. Asubuhi Dalali alikuwa amejisifu kijiweni kwamba amepata mteja wa lile gari la kijivu, na kwamba mchana anakwenda kulijaribu naye. Na Dalali hakuwahi kuacha kumjibu Ekseli, hata akiwa msikitini angejibu akitoka.

Alimeza kiburi chake, akapiga. Simu iliita, ikaita, ikapokelewa.

"Haloo, shangazi," akasema Dalali.

Sindano akaduwaa. Dalali alikuwa na shangazi mmoja tu, na Sindano mwenyewe alikwenda kumzika.

"Shangazi, unanisikia? Niko na wateja. Dawa zako nitaleta jioni."

Aliongea taratibu, kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni na hataki imwagike. Hapo Sindano akaelewa. Sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya kikongwe.

"Nakusikia mwanangu. Uko wapi? Miguu inaniuma."

"Mbali kidogo. Tunalijaribu gari huku barabara ya machimbo, halafu tunavuka daraja..."

"Kata hiyo simu," akasema mwanamume mwingine, karibu kabisa na kipaza sauti.

Ikakatika.

Sindano alikosea herufi, akafuta, akaanza upya.

"Dalali kachukuliwa na wale watu," aliandika kijiweni. "Wako barabara ya machimbo. Nani yuko karibu?"

Ekseli hakuandika. Alipiga.

"Shemeji, niko machimboni, ndiyo kwanza nimemaliza kupakia. Hiyo barabara ina daraja moja, jembamba, gari moja linapita kwa shida. Nikiwahi nalaza lori pale, hapiti mtu."

"Wana silaha, shemeji."

"Na mimi nina tani za kokoto. Wewe piga polisi. Na usiandike tena kijiweni, maneno yatosha."

Polisi walipokea. Sindano akataja rangi ya gari, akataja barabara, akataja daraja, akarudia mara mbili kwa sababu askari aliyepokea alisema Sindano anameza maneno.

Alipoweka simu chini, mlangoni alikuwa amesimama Mchambuzi. Duka lake la vipuri lilikuwa mtaa wa pili tu. Shati lilikuwa limemganda kwa jasho.

"Pole, dada. Nimeona ujumbe nikaacha duka wazi."

Sindano alitaka kulia. Mtu wa kwanza kufika alikuwa huyu, na kwa wakati huo hata jiwe lingekuja lingemfariji. Mchambuzi akaketi kwenye kigoda cha wateja, Sindano kwenye kiti cha cherehani.

"Ekseli anasemaje?" Mchambuzi akauliza.

"Sijui nianzie wapi. Watamuua, kaka. Nimeisikia sauti yake. Watamuua."

"Hawatamuua. Tulia. Yule mwanamke waliye naye hawezi kukubali ifike huko."

Nje kinyozi wa jirani alikuwa akicheka na mteja wake. Sindano alikisikia kicheko kile kwa mbali, kama kinatoka chini ya maji. Mwanamke gani? Taarifa ya polisi haikutaja mwanamke. Dalali alisema wateja, basi. Naye Sindano hakuandika kijiweni zaidi ya hapo.

Akamtazama Mchambuzi. Mchambuzi alikuwa anatazama simu yake, hajui kwamba ulimi wake umeshamponza.

"Ekseli yuko wapi saa hizi?" akauliza tena.

Kama angesema ukweli, ule ukweli ungefika darajani kabla ya lori. Sindano akashusha macho kwenye kitambaa, akavuta uzi usio na haja ya kuvutwa.

"Lori limemharibikia. Anasema hawezi kutoka alipo."

"Na polisi?"

"Nimepiga, hawapokei."

Mchambuzi alishusha pumzi ndefu. Akageukia ukutani kidogo, dole gumba likacheza juu ya kioo cha simu. Kisha akamgeukia tena na uso wa huruma.

"Mungu yupo, dada."

"Naomba simu yako, nijaribu polisi tena. Salio langu limeisha."

Mchambuzi alisita. Kukataa kungehitaji maelezo, na maelezo hakuwa nayo. Akampa.

"Humu mtandao unasumbua," Sindano akasema, akainuka. Akatoka nje kana kwamba anatafuta mtandao, akalivuta geti la nondo la duka, akachomeka kufuli. Ufunguo ukamponyoka. Akainama kuuokota, na alipoinuka Mchambuzi alikuwa amekwishasimama upande wa pili wa nondo, uso kwa uso naye.

"Dada, mbona unafunga?"

Kufuli likabana.

Ile simu ikatetemeka mkononi mwake. Namba haikuwa na jina, lakini ujumbe ulijitokeza wenyewe juu ya kioo: "Poa. Kama lori halipo tunapita darajani."

Sindano akaugeuza usomeke kupitia nondo.

"Nani huyu?"

Mchambuzi aliusoma. Mabega yakamshuka.

"Fungua tuongee."

"Ongea hivyo hivyo."

"Niliwapa namba yake tu. Walisema wanataka gari, hawataki mtu. Sindano, nisikilize. Nilitaka afilisike, aache kukuringia. Mwenye gari angemfunga, nawe ungeona mtu wako ni wa namna gani."

"Na yule mwanamke uliyesema anampakia kwenye magari?"

Mchambuzi akalijaribu geti.

"Nakuuliza."

"Mteja tu. Alinunua gari, akaenda zake." Akashika nondo kwa mikono miwili. "Nimekupenda tangu darasani. Wewe hukuniona hata siku moja. Nikiandika pumba kule kijiweni unacheka na yeye."

"Mtu anayenipenda asingenifanya nisikie ile sauti," Sindano alisema. "Mtu alikuwa anaaga, Mchambuzi. Alikuwa ananiaga kwa jina la marehemu."

Kinyozi alikuwa ametoka, mashine mkononi, na mteja wake nusu kichwa kimenyolewa. Sindano akawaambia kwa kifupi. Hawakuuliza mara mbili. Walivuta benchi wakaketi mbele ya geti.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja ndiko kulikokaribia kumvunja. Simu ya Mchambuzi ikaanza kuita mkononi mwake. Namba ile ile. Iliita ikakatika. Ikaita tena. Kila mlio aliuona kama kisu kikinolewa: wameliona lori, wanauliza, sasa wanamgeukia Dalali. Akaibana simu kifuani asisikie, akaisikia mbavuni. Mwishowe ikanyamaza, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mlio.

Akaketi kizingitini. Alitaka kuomba dua akakuta maneno yote yamemtoka isipokuwa jina la Dalali.

Simu yake mwenyewe ikaita.

"Shemeji."

"Sema, Ekseli. Sema vyovyote."

"Tumempata. Walitaka kugeuza, lori la mwenzangu likaja nyuma yao, wakakosa pa kwenda. Wawili wamekimbilia bondeni, polisi wako nyuma yao. Dereva wao na mwanamke mmoja tunao hapa."

"Dalali?"

"Kapigwa. Anachechemea. Lakini anatukana, kwa hiyo ni mzima."

Sindano alilia mbele ya kinyozi, mbele ya mteja wa nusu kichwa, mbele ya Mchambuzi aliyekuwa ameketi sakafuni kati ya vitambaa vya watu hadi gari la polisi lilipokuja kumchukua.

Jioni alimkuta Dalali kwenye benchi la zahanati, mguu umefungwa bendeji, mdomo umevimba upande mmoja kama andazi. Alikaa pembeni yake.

"Ulipoita shangazi," akasema Sindano, "ulijuaje kwamba nitaelewa?"

"Sikujua. Nilijua tu nikilitaja jina lako nitalia, na wao wataona nina mtu."

"Niliamini maneno ya mtu wa nje, Dalali. Nilikuuliza kama hakimu."

"Na mimi niliona raha kununa kuliko kukujibu. Neno moja tu nilishindwa kukupa." Akajaribu kutabasamu, mdomo ukamkatalia. "Mle garini nilikuwa nawaza, huyu atajua kwa nani kwamba hapakuwa na mwanamke?"

Sindano akamshika mkono.

"Nimekuwa na woga leo ambao sitaki kuubeba tena nikiwa mtu wa pembeni," akasema. "Kama ni kuogopa kwa ajili yako, niogope nikiwa mkeo. Njoo nyumbani kesho. Baba yupo."

"Na mdomo huu?"

"Na huo huo."

"Ataniuliza nimefanya nini."

"Mwambie umechelewa kuja kuposa."

Dalali alicheka, akaguna kwa maumivu, akacheka tena. Kesho yake alikwenda, akichechemea, Ekseli akiwa mshenga wake ndani ya viatu vilivyojaa vumbi la kokoto. Baba mtu aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu, kisha akawasogezea viti wakae.