Kumi na Saba

Chai ya maabara ilianza kuwa na chumvi Jumanne. Daktari Okemwa, mkuu wa kituo kidogo cha utafiti nyuma ya ofisi za wilaya, Nyamira, alimlaumu Kantilal muuza sukari, kisha akabandika waraka ukutani: ni marufuku kutia chumvi kwenye chai ya serikali. Wote waliusoma. Chai haikuusoma.

Benter, fundi wa maabara, hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na alijua chumvi ile ilifika pamoja na nini. Wiki hiyo walikuwa wamepokea kichupa kutoka ng'ambo. Huko walichukua chembe ya urithi ya mtu fulani, wakaipandikiza ndani ya hamira, nayo hamira ikaanza kutengeneza protini ambayo mwili wa mtu yule ulikuwa ukiitengeneza: bawabu wa seli, anayesukuma chumvi nje kama karani wa forodha aliyeamka vibaya.

"Daktari, huyu ni nani?"

"Si mtu, Benter. Ni protini."

"Imeandikwa ya binadamu."

"Na wewe umeandikwa fundi. Fanya kazi."

Kwenye lebo, mwenye chembe alikuwa na namba tu: kumi na saba. Kama alikufa, kama alizikwa, nani alimlilia, hakuna aliyejali kuuliza. Kwao Benter, ziwani, marehemu ambaye jina lake halijarithiwa hurudi kulidai kwa mtoto.

Alasiri moja mvua ya mawe ikakata umeme. Friji lililotunza kichupa likanyamaza. Ndipo Benter akasikia ulimi ndani ya friji. Ulikuwa ukiramba polepole, kama ndama kwenye jiwe la chumvi, na harufu ya jasho la mgonjwa ikapenya kwenye mpira wa mlango, ikampanda miguuni, ikamfika kifuani, na jasho lake mwenyewe likakauka likiacha unga mweupe mikononi, na midomo ikapasuka, na ulimi ukagandamana na kaakaa hata asiweze kupiga yowe, na mtoto tumboni akarusha teke moja tu kisha akatulia tuli, kama anayesikiliza, na pumzi baridi ikasema sikioni: "Niite."

Walimkuta sakafuni. Kesho yake Daktari Okemwa aliona miwani yake mwenyewe imeota chumvi, na sayansi ikamtoka. Akamleta Drusilla, mganga wa Ikonge. Kwenye hati akaandikwa fundi wa friji, maana serikali haina fungu la majini.

Drusilla alilinusa friji, akarudi nyuma.

"Anaitwa nani?"

Okemwa akainua kichupa ili asome lebo. Mganga akamziba mdomo.

"Usitamke. Jini asiye na jina hafukuziki, nitamwita nani atoke? Nitamlaza tu." Akamgeukia Benter, kwa sauti ya chini. "Wewe mama, hata kwa hiyo namba usimwite. Mwenye njaa hachagui. Atakayemwita ndiye atakayekaa naye."

Wakakizika kichupa kati ya michai. Okemwa akaripoti kwamba kilivunjika safarini. Chai ikarudi kuwa chai.

Mtoto akazaliwa salama, na jioni yake akaanza kulia. Hakunyamaza. Utosi ukabonyea, macho yakakauka bila tone la chozi, na maziwa ya Benter yaliyodondokea kanga yakaacha ukoko mweupe. Hospitalini walimtundikia maji, wakasema chumvi imezidi mwilini, inakotoka hawajui, na jua halitazama akiwa hai.

Mama Oyoo, mama mkwe, alikuwa amepanda kutoka ziwani. Akaketi kitandani, akaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, kwani jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake.

"Ochanda, kama ni wewe, nyamaza."

Kilio.

Akaita mababu, akaita mabibi, akamwita hata mlevi ambaye familia haimtaji. Sauti ya mtoto ilikuwa imebaki uzi tu.

"Majina yameisha, mwanangu," alinong'ona. "Kuna mfu mnayenificha?"

Benter alimkumbuka Drusilla. Alimtazama mtoto, midomo yake ya karatasi. Akainama hadi sikioni.

"Kumi na Saba. Kama ni wewe, nyamaza."

Kimya. Wodi nzima ikageuka.

"Huyo ni nani?" Mama Oyoo aliuliza.

"Mtu wa kazini, mama."

Mtoto alifumbua macho. Akaushika mkono wa mama yake kwa nguvu zisizo za kichanga, akatoa ulimi, akaanza kuramba, polepole.